Makofi Mahali Pabaya: Shylock Mbele ya Watazamaji wa Nairobi

Kundi la waigizaji tisa wa Nairobi lilitayarisha The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua tangu 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi, jina alilolipa Julius Nyerere alipoitafsiri. Kisa chenyewe: Shylock, Myahudi mkopeshaji wa riba, anamkopesha Antonio, mfanyabiashara Mkristo, kwa sharti kwamba asipolipa atakatwa kipande cha nyama ya mwili wake; mahakamani Portia, binti tajiri aliyejigeuza mwanasheria, anamwokoa Antonio na kesi inamgeukia Shylock. Kundi halikuigiza tafsiri ya Mwalimu. Lilijifanyia yake, kwa Kiswahili kinachosemwa mjini, dakika 110 bila mapumziko. Muda huo ulipimwa kwa matatu: mvua ikinyesha jioni nauli hupanda, na mtu wa Kayole akishaanza kuwaza nauli, roho yake imeshatoka ukumbini.

Jioni ya majaribio ilikuwa katika ukumbi wa jamii huko Eastlands, viti vya plastiki 120, karibu vyote vimekaliwa. Watu walicheka panapochekesha. Walinyamaza Portia alipoomba rehema. Kisha, mahakamani, Antonio alipotaja sharti kwamba Shylock aiache dini yake awe Mkristo, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wengine walisimama. "Amen" zilitoka safu za nyuma. Mwigizaji wa Shylock alisema maneno yake ya mwisho ndani ya kelele hiyo, akatoka bila mtu kumwona.

Waigizaji kadhaa waliyapokea makofi yale kama ushindi. Mwongozaji aliona kwamba watu wameipigia makofi hukumu yenyewe, na hapo ndipo kisa hiki kinapoanzia. Mtu amenyang'anywa mali, binti na imani yake mbele ya umati, na umati umeshangilia kwa moyo mweupe, bila chuki yoyote, kama wanavyoshangilia ushuhuda kanisani. Tamthilia hii ina historia nzito mahali hapo. Mwaka 1943 iliigizwa katika jumba la Burgtheater mjini Vienna, Werner Krauss akiwa Shylock, wakati Wayahudi wa mji huo wakiwa wameshapelekwa kuuawa. Watazamaji wa Eastlands hawana lolote la kufanana na wale. Lakini maandishi yaliyotumika ni yale yale, na mwongozaji asiyejua ni wapi yanapoweza kupinduka atapinduliwa nayo.

Maneno yaliyotangulia igizo

Tuanze na jambo ambalo kundi lilikuwa nalo mdomoni kila siku bila kulitazama. Nairobi, shailoki ni mtu. Ni yule wa ghorofa ya pili anayekopesha bila maswali mengi na kushika kadi ya benki, kitambulisho au logbuku ya gari mpaka umalize kulipa. Mwezi ukipita, deni limenenepa. Miezi mitatu ikipita, friji imebebwa. Wengi wanaolitumia neno hilo hawajui kwamba lilitoka kwenye tamthilia, na hawana sababu ya kujua.

Kwa hiyo mtazamaji huyu haingii ukumbini mtupu. Ameleta deni lake. Pia ameleta jeraha la pili: karibu kila mwenye akaunti ya sako amewahi kumdhamini rafiki, rafiki akatoweka, mshahara wa mdhamini ukakatwa. Antonio anatia sahihi hati ya dukati 3,000 kwa miezi mitatu ili rafiki yake Bassanio apate pesa za kwenda kumposa Portia. Watu wa Eastlands walimtambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Tangu hapo kesi ilikuwa imeamuliwa: mdhamini mwema upande huu, shailoki upande ule.

Kundi liliongeza petroli. Bango la tangazo liliandikwa "Shailoki wa Mtaa". Duka la Shylock jukwaani lilikuwa na kibao cha mikopo ya haraka na rundo la logbuku mezani. Yote hayo yalichekesha sana, na kila kicheko kilimfungia Shylock ndani ya kibao kile.

Neno la pili ni geto. Kijana wa Nairobi hulitumia kwa mtaa wake, mara nyingine kwa fahari. Asili yake ni Venice: mnamo Machi 1516 serikali ya jiji hilo iliamuru Wayahudi wote wakae katika kisiwa kimoja kidogo palipokuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba, na kiwanda hicho kwa lugha ya pale ndicho kilichoitwa geto. Malango yalifungwa usiku, walinzi wakilipwa na Wayahudi wenyewe. Mchana walitoka wakiwa na alama: kwanza duara la njano nguoni, baadaye kofia ya njano, na mwishowe nyekundu. Shakespeare hakulitaja neno geto hata mara moja. Kundi nalo halikulitaja, na hapo lilipoteza lango ambalo watazamaji hawa wangelipita bila kuelekezwa na mtu.

La tatu ni bepari, na hili linastahili heshima kidogo. Siku hizi tunalisikia kisiasa, mnyonyaji mwenye kitambi. Lakini neno lenyewe lilivuka bahari kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Nyerere aliliweka katika wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na wingi huo ni hukumu ya aina yake. Kiingereza kinataja mfanyabiashara mmoja, yaani Antonio. Jina la Nyerere linawakusanya wote: wa meli, wa riba, na yule anayeposa kwa sababu ana madeni. Kwa maoni yetu hilo ni somo makini kuliko bango la kundi, kwa kuwa halimwachi Antonio atoke msafi.

Dakika tano zilizokatwa

Tamthilia kamili ina takriban mistari 2,600. Kuifikisha dakika 110 kwa Kiswahili ni lazima kukata karibu nusu, maana lugha yetu huchukua nafasi yake. Mstari wa Kiingereza wa Shakespeare una mizani kumi. "Rehema haishurutishwi" ina tisa, imelingana vizuri. Lakini mstari unaofuata, "hudondoka kama rasharasha itokayo mbinguni", una 17. Mtafsiri anayeng'ang'ania mizani kumi kila mstari atakata viungo vya sentensi mpaka isieleweke. Anayeachia kila kitu atapata saa tatu na nusu.

Kundi lilikata kwa kanuni moja: ondoa kila kinachopunguza mwendo. Mwanamfalme wa Aragon akaenda, baba kipofu wa Lanselot, mtumishi wa Shylock, akaenda, sehemu kubwa ya tendo la tano ikaenda. Sawa. Lakini kanuni hiyo hiyo ilipita na vipande vitano vingine, vyote vifupi, na jumla yake haifiki mistari 60.

Cha kwanza kiko tendo la kwanza, onyesho la tatu. Kabla ya kukubali kukopesha, Shylock anamkumbusha Antonio jinsi alivyomtemea mate sokoni na kumwita mbwa, na sasa anamjia na kibakuli. Antonio hakani. Anajibu kwamba huenda atamwita hivyo tena na kumtemea mate tena. Bila majibizano haya, watazamaji wanamwona shailoki akibuni sharti la nyama kwa ukatili tu. Wakiyasikia, wanajua hesabu ilifunguliwa zamani.

Cha pili ni mistari miwili ya Portia. Anayetaka kumwoa Portia lazima achague kasha sahihi kati ya matatu. Mwanamfalme wa Moroko, aliyeingia akiomba asidharauliwe kwa rangi yake, anachagua kasha la dhahabu na kushindwa. Akishatoka, Portia anasema wote wa rangi ile wachague vivyo hivyo. Kundi liliona haya kuitamka mistari hiyo mbele ya watu weusi, tena kwa kinywa cha mwigizaji mweusi. Haya hiyo tunaielewa, lakini ndiyo hasa sababu ya kuiacha. Mji huu una misemo ya kumsifia msichana wa rangi ya thao na una rafu zilizojaa krimu za kujichubua; ubaguzi wa rangi wa weusi kwa weusi hauhitaji kufafanuliwa hapa. Portia akiisema kwa wepesi huku akijitazama kwenye kioo, ukumbi unashtuka, na mshtuko huo unabaki akiba. Atakapoingia mahakamani kuhubiri rehema, hawatampokea kama malaika.

Cha tatu ni pete. Tubal, Myahudi mwenzake, anamletea Shylock habari kwamba binti yake Jessica, aliyetoroka, amebadilisha pete kwa tumbili. Shylock anaijua: ni ya feruzi, alipewa na mkewe Leah kabla hawajaoana, na asingeitoa hata kwa msitu mzima wa tumbili. Hapo tu, katika tamthilia nzima, tunajua kwamba aliwahi kupendwa. Kisa chake chote kimebanwa katika maonyesho matano kati ya 20, kwa hiyo ukiondoa mistari minane umeondoa ndoa yake yote.

Cha nne kiko mahakamani, nacho ndicho kilichotuuma zaidi kukikosa. Mtawala anamuuliza Shylock atatumainije rehema asiyoitoa. Shylock anawageuzia kibao: ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumia kama punda na mbwa wenu, nikiwaambia waacheni huru, waozeni mabinti zenu, mtajibu kwamba watumwa ni mali yenu. Nami nawajibu hivyo hivyo, ratili hii ya nyama nimeinunua. Neno "watumwa" kwa Kiswahili halisikiki kama habari za mbali. Lina Zanzibar ndani yake, lina njia za misafara. Ukumbi wowote wa Afrika Mashariki utatulia hapo, na mahakama ya Venice itapoteza weupe wake wa pamba kwa sekunde kadhaa.

Cha tano ni maneno ya Gratiano, rafiki wa Bassanio, ambayo tutayarudia.

Vitenzi viwili

Mavazi yanaonekana, kwa hiyo watu huanza kurekebisha mavazi. Ugonjwa wa jioni ile ulikuwa zaidi katika vitenzi.

Sharti la Antonio, katika maandishi ya kundi, lilisema Shylock "aokoke". Mtafsiri alilichagua kwa kuwa ni neno hai, na kweli ni hai. Nairobi, kuokoka ni kuacha pombe, kurudi nyumbani, kusimama mbele ya kanisa na kutoa ushuhuda. Mtu akiokoka, watu hupiga makofi na kusema Amen. Hiyo ni adabu. Watazamaji walifanya walichoalikwa kufanya. Kitenzi kiliwaambia kwamba mtu amebadilika moyo, ilhali jukwaani mtu alikuwa amelazimishwa kuchagua kati ya dini na kitanzi.

Marekebisho ni neno moja: "abatizwe". Hapo kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji amejificha. Mtu anabatizwa na wengine, maji yanamwagwa juu yake atake asitake. Hakuna ushuhuda.

Kitenzi cha pili ni jibu lake. Portia anamuuliza kama ameridhika, naye hujibu kwa maneno machache kabisa. Kundi liliandika "Nimeridhika". Kuridhika ni kutosheka, kama mtu aliyeshiba. Kuridhia ni kutoa idhini, hata kwa meno yaliyoumana. Tofauti ni silabi moja, na silabi hiyo ndiyo iliyombadilisha mtu aliyevunjwa akawa mwongofu mwenye furaha. "Umeridhia, Myahudi?" "Nimeridhia." Mwigizaji asiliseme haraka, liwe na urefu wa mtu anayesoma hati kabla ya kutia sahihi.

Tukiwa kwenye maneno, mengine manne ya kuangaliwa na yeyote atakayeigiza kesi hii kwa Kiswahili.

"Nyama" ni tatizo la kweli. Kwetu nyama ya mtu na nyama ya bucha ni neno moja, na kundi lilipoandika "nusu kilo ya nyama" ukumbi ulicheka kama uko kwa choma. Ratili ni takriban gramu 454, kwa hiyo hesabu ilikuwa karibu sahihi, ila kicheko kiliua hatari. Rudisheni "ratili". Vijana hawaijui, na kutoijua kunalifanya neno liwe la sheria, geni na baridi. Mara ya kwanza Shylock alitaje akiwa na jiwe la mizani mkononi, basi wataelewa. Anapotaja mahali pa kukatwa, aseme "mnofu wa kifua, karibu na moyo".

"Rehema" itumike kila mara, na "huruma" iachwe. Mtafsiri akibadilisha kwa ajili ya ladha, atavunja mnyororo: Portia anahubiri rehema, kisha anamuuliza Antonio atampa Shylock rehema gani, na jibu la Antonio ni ubatizo. Sikio lazima lisikie neno lile lile likibadilika kazi.

"Haki" mpe Shylock. Kiingereza kina neno la sheria na neno la haki; Kiswahili cha Nairobi kina "Haki yetu!" inayoimbwa barabarani. Shylock akisema "Nasimama hapa kwa haki yangu", baadhi ya watazamaji watajikuta upande wake bila kupenda. Ni vizuri wakae hapo kwa muda na kuona aibu yao.

Na ile hotuba maarufu ya macho na mikono, ambayo Shakespeare aliiandika kwa nathari, inaingia Kiswahili kana kwamba ilikisubiri. "Mkituchoma, hatutoki damu? Mkitudhulumu, tusilipize?" Katika "mkituchoma" kuna ninyi, kuna kama, kuna sisi, vyote vimegusana ndani ya neno moja kabla ya mwiba kufika. Lakini ile m ya mwanzo isimezwe. Mwigizaji wa kundi aliimeza kila alipokasirika, ikabaki "kituchoma", na maana ikavuja. Tiba ni kufunga midomo kabisa kabla ya kila kitenzi, polepole katika mazoezi, mpaka hasira ijifunze kupitia mdomo uliofungwa.

Kiswahili pia kinaficha jinsia. Portia amevaa kiume kama mwanasheria kijana, na Kiingereza huchezea utani huo kwa viwakilishi vya kiume. Sisi tuna "yeye" tu. Utani ubebwe na miito: kila mtu mahakamani amwite "bwana mdogo" au "mheshimiwa", na Bassanio alitie mkazo bila kujua. Lanselot kusema Sheng ni uamuzi mzuri, mradi maneno yabadilishwe kila msimu. Sheng ya mwaka juzi humfanya kijana aonekane mzee.

Nani abebe sura ya Myahudi

Katika mazoezi kulikuwa na pendekezo la kumfanya Shylock kuwa mwenye duka Mhindi. Hoja zilikuwa za kuvutia: bepari ni neno la Kihindi, mgeni mwenye pesa ni sura inayojulikana, lafudhi ingechekesha. Kundi lilikataa, na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Agosti 1982, katika jaribio la mapinduzi hapa Nairobi, maduka ya Waasia yaliporwa. Shylock wa namna hiyo angeipa chuki iliyopo lafudhi na taa za jukwaa, halafu Portia angeihalalisha kisheria. Kuhamisha si haramu. Mwaka 1994 huko Chicago, mwongozaji Mmarekani Peter Sellars aliipeleka hadithi Venice Beach ya California, Wayahudi wakawa Wamarekani weusi. Alichofanya ni kumhamishia Shylock upande wa wanaonyanyaswa mjini mwake. Pendekezo la mazoezini lilitaka kumhamishia upande wa wanaolaumiwa.

Kumbakisha Myahudi mtupu kulikuwa na shida nyingine. Kwa waumini wengi wa Nairobi, Wayahudi ni watu wa Biblia, taifa teule, na wachache wamewahi kuongea na mmoja. London ya Shakespeare haikuwa tofauti sana: Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kurudi waziwazi mpaka 1656, kwa hiyo wengi wa watazamaji wake walimchukia mtu wasiyemjua. Nairobi ina bahati zaidi. Sinagogi lipo kwenye makutano ya University Way na Uhuru Highway, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kenya National Theatre. Mwaka 1903 Waingereza walikuwa tayari kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu wakae huko, na mwaka 1905 wao wenyewe wakakataa. Mambo haya mawili yakiandikwa katika karatasi ya programu yanamtoa Myahudi kwenye picha za Biblia na kumweka mjini.

Jukwaani, jibu lilitoka kwenye historia ya hapa: kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kopo dogo la bati, mara nyingi shingoni. Akikutwa bila hiyo, faini au jela. Mjukuu wake ndiye anayekaa sasa kwenye kiti cha plastiki.

Shylock, Tubal na Jessica wakavaa kopo. Juu ya nguo likashonwa pia duara la njano la Venice, lenye upana wa kiganja. Viwili hivyo vikae pamoja: duara likiachwa peke yake ni mapambo kwa mtu asiyejua, na kopo likiachwa peke yake linamfanya Shylock kuwa Mwafrika wa koloni na kumfuta Myahudi. Maneno yote ya "Myahudi" yalibaki kama yalivyo.

Makopo yalitengenezwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, kwa bati jembamba lililokunjwa kingo ndani. Kingo za nje zilimkata shingo mwigizaji siku ya kwanza. Kamba ya mkonge ilichubua, ikabadilishwa na uzi mnene wa pamba uliochovywa kwenye chai ili uzeeke. Ndani ziliwekwa sarafu mbili. Zikalia mno, zikafunika konsonanti, hasa katika hotuba ya nathari. Kopo likajazwa kitambaa robo tatu, sarafu moja ikaachwa. Sasa hulia tu anapogeuka ghafla au kukimbia, na katika onyesho la habari za Jessica unamsikia kabla hujamwona.

Alama hiyo ilifufua mstari mmoja wa Portia. Akiingia mahakamani huuliza ni nani mfanyabiashara na ni nani Myahudi. Kwa waigizaji wote weusi, wenye suti zinazofanana, swali hilo ni la haki kabisa: hakuna awezaye kujua. Mwongozaji alimpa Shylock kopo ndani ya shati kwa sekunde hizo. Anasita, kisha analitoa na kuliacha lining'inie. Hilo ndilo jibu lake.

Kushikana mikono kulifanya kazi ambayo mate yasingeifanya. Nairobi, kumwachia mtu mkono hewani ni tusi zito. Hati ikishakubaliwa, Shylock ananyoosha mkono. Antonio anatazama, anakunja karatasi yake, anaondoka. Hesabu sekunde tatu. Zikiwa mbili watu hudhani ni kosa la mwigizaji, na zikifika tano huwa maigizo ya huzuni.

Mizani iwe ya sahani mbili, ile ya sokoni, yenye mawe yake. Ya springi ya kuning'iniza haifai, kwa sababu Portia anaposema isizidi wala kupungua hata kwa uzito wa unywele, sahani lazima ziwe zinayumba mbele ya macho ya watu. Kisu kisiwe na makali hata kidogo, na anaponoa kwenye soli ya kiatu asikilaze kuelekea watazamaji. Mchezo wa maneno wa Gratiano kati ya soli na roho haupo kwa Kiswahili. Uacheni ufe.

Jioni ya pili

Bango lilibadilishwa, kibao cha mikopo kikaondolewa, vipande vitano vikarudi. Muda uliongezeka kwa dakika tano, zikapatikana kwa kufupisha mabishano ya pete za wachumba katika tendo la tano. Portia anapouliza kama jina lake ni Shylock, watu bado walicheka. Mwigizaji alingoja kicheko kiishe, akajibu jina lake kwa sauti ya chini, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina tena mahakamani. Maandishi yenyewe humwita Myahudi karibu kila mara.

Jambo moja lilikuwa limejadiliwa sana: kopo livuliwe baada ya hukumu? Lilionekana wazo zuri, amekuwa Mkristo, alama imeisha. Katika mazoezi walipojaribu, wageni watatu waliokuwa wakitazama walitabasamu. Kuvuliwa kipande, kwa Mkenya, ni uhuru. Kopo likabaki shingoni, na Gratiano akamvika msalaba juu yake, vyuma viwili vikigongana. Hilo ni kweli pia kwa tamthilia: Jessica anapowasili Belmont, nyumbani kwa Portia, na mume Mkristo, Gratiano huyo huyo bado anamwita kafiri.

Kisha maneno yake yaliyokuwa yamekatwa: "Ukibatizwa utapata wasimamizi wawili. Ningekuwa mimi hakimu, ningekuongezea kumi, wakupeleke kitanzini, si kwenye maji." Yasemwe mara moja baada ya Shylock kuomba ruhusa aende kwa sababu hajisikii vizuri, bila pumzi katikati. Kiu ya makofi, kama ingalipo, inakutana na kitanzi.

"Abatizwe" liliposemwa, Amen zilitoka mbili, kutoka sehemu mbili tofauti za ukumbi, kila moja peke yake. Hazikufuatwa. Mwigizaji wa Shylock alizisikia, akageuza kichwa kidogo upande wa ya pili, sarafu ikalia.

Kinachosumbua bado ni Jessica. Alivua kopo lake alipotoroka amevaa kiume, akalitumbukiza katika sanduku la vito alilomrushia mpenzi wake Lorenzo. Katika tendo la tano, anasema kwamba hafurahi kamwe asikiapo muziki mtamu, na baada ya hapo hasemi tena mpaka mwisho, hata anapopewa habari kwamba mali ya babake ni yake na mumewe. Mwigizaji alianza kupeleka mkono shingoni hapo, bila kuelekezwa. Fundi wa taa anataka taa izimike juu ya mkono huo. Mwongozaji anataka izimike juu ya wachumba wanaocheka, na mkono uonekane na wale tu waliokuwa wakimtazama Jessica. Jioni mbili zijazo watajaribu kila namna mara moja.